Mbegu za Muheto

Mimi ni mtu wa Dodoma, nimekulia kwenye vumbi. Kwetu mvua ikiaga mwezi wa nne imeaga, hata wachungaji waombe mpaka sauti ziwakauke. Mume wangu aliponileta kwao Lushebere, ng'ambo ya mpaka, kwenye milima ya Masisi, aliniambia huku nako kuna kiangazi, kuanzia Juni. Kiangazi gani! Ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne, nguo zinashinda kambani siku tatu na bado zinanuka uvundo. Nilichukia kila kitu, na zaidi moshi wa jikoni.

Juu ya moto wa jikoni mama mkwe alitundika kikapu cha mbegu za maharage. Alipokimbia vita kijijini kwake Muheto aliacha mbuzi, masufuria, hata viatu. Alitoka na mbegu zile tu. Kila msimu alizipanda, akavuna, akarudisha nyingine kikapuni.

Mwezi wa saba alikwenda Kashebere kumhudumia binti yake aliyejifungua. Aliniachia agizo moja, kwamba moto wa jikoni usizimike. Nikaona ni ushamba. Nikashusha kikapu, masizi matupu, nikamimina mbegu kwenye bidoni, dumu la plastiki, pamoja na majivu, nikakaza kifuniko kama alivyofanya bibi yangu. Kisha nikahamishia mafiga nje, nikapumua. Niseme ukweli, nilijisifu.

Alirudi mwezi wa tisa, mvua zimeanza, majirani wanapanda. Nikamletea bidoni mwenyewe, nikitabasamu. Alipofungua, harufu ilitupiga wote wawili. Mbegu zilikuwa zimeshikana, zimeota kuvu. Kumbe kwetu jua hukausha punje kabla hazijaingia bidoni. Huku kazi hiyo inafanywa na moshi.

Nilisubiri matusi, na ningeyapokea kwa furaha. Yeye alikaa chini, akachambua punje moja moja mpaka mchana, na kila aliyoishika ilipondeka vidoleni. Ndipo akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, kwa upole uliouma kuliko kofi:

“Mama, sasa mie kule Muheto nilitokaka na nini?”

Mume wangu alinunua mbegu sokoni, zikaota vizuri tu, jambo lililoniuma zaidi. Siku hizi mimi ndiye ninayechochea moto jikoni, macho yakiwasha, Juni mpaka Septemba. Kikapu nimekirudisha pale pale juu, kimejaa maharage ya sokoni. Mama mkwe hupika chini yake kila siku, na hajawahi kuinua macho kukitazama.