Siku Tuliyokwenda Kolandoto

Nilimpokea kwa sababu mchungaji wetu aliniomba mara mbili, na mara ya pili niliona aibu kukataa. Nina karakana ya useremala hapa Nyahanga, Kahama, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Mtu mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na kitu, ametoka gerezani baada ya miaka saba. Alimjeruhi mwenzake mkono kwa panga machimboni, upande wa Geita, walipogombania kiroba cha mawe ya dhahabu. Useremala alifundishwa huko ndani, na randa aliishika vizuri kuliko mafundi wangu wote wawili.

Kilichonisumbua ni namna alivyoitika. Nikimwita, hata kumuuliza tu kama amekunywa chai, anakuja anachuchumaa mbele yangu, mikono juu ya magoti, macho chini. Wateja wakawa wanaangaliana. Siku moja nikamwambia, "Baba, hapa hakuna askari. Simama tuongee." Akasimama, akacheka kwa aibu. Kesho yake akachuchumaa tena.

Mwezi wake wa tatu kazini, wenzake wa zamani walianza kumpigia simu. Kuna duara jipya, shimo linalotoa dhahabu, wanataka mtu mwenye nguvu. Asubuhi moja hakuja kazini. Kesho yake pia hakuja.

"Mama Fundi," fundi wangu mkubwa akasema, "huyo ndiyo kaenda. Tusimsubiri."

Nakiri nilikwenda stoo kuangalia kama vifaa vimetimia. Vilikuwepo vyote, hadi patasi ndogo. Nilifunga stoo nikijisikia vibaya.

Siku ya nne alikuja, suruali imejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

"Nilifika hadi kwenye duara. Nikakuta wawili wanagombea zamu ya kushuka, mmoja kainua sururu. Nikajiona mimi siku ile ya panga, mama, nikakaa chini." Akakung'uta vumbi la suruali. "Yule niliyemuumiza, nataka nikamwone. Lakini peke yangu siwezi."

Mchungaji alitutafutia namba ya mke wa yule bwana, nami nikampigia. Alinisikiliza, kisha akasema, "Njooni Jumamosi, kabla ya saa sita."

Tukapanda basi mpaka Shinyanga, kisha bodaboda mpaka nje kidogo ya Kolandoto. Yule bwana tulimkuta amekaa uani kwenye kiti, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake.

"Mwangaluka," nikamsalimu kwa Kisukuma. Akaitikia, lakini alikuwa anamtazama mwenzangu, ambaye tayari alikuwa amechuchumaa mavumbini.

"Inuka," akamwambia. "Ukichuchumaa hivyo nashindwa hata kukukasirikia. Vuta kiti."

Mwenzangu akakaa ukingoni mwa kiti, nusu nusu.

"Nimekuja kuomba..."

"Subiri. Kwanza usikilize." Akauinua ule mkono kwa mkono wa kushoto. "Vidole hivi havikunji. Shati langu anafunga vifungo mke wangu. Kila siku, miaka yote uliyokuwa ndani. Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi ujue."

Mama wa nyumba alituletea matobolwa, viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa, na maji ya kunywa. Nilitafuna ili kinywa changu kipate kazi. Nilitamani sana kusema jambo la kuwapatanisha, nikajizuia.

"Msamaha sina leo," yule bwana akasema mwishoni. "Nisikudanganye. Lakini umekuja mwenyewe na miguu yako, nimekuona."

Tukaaga. Kwenye basi la kurudi mwenzangu alilala, kichwa kikigonga dirisha kwenye kila shimo la barabara, asiamke. Jumatatu alinunua laini mpya ya simu, namba akanipa mimi, mchungaji na mama yake tu.

Masika yaliyofuata upepo uling'oa mabati ya nyumba ile, na mke wa yule bwana akanipigia.

"Mama Fundi, huyo mtu wako bado yupo? Mume wangu anasema aje, kama anaweza kupaua."

Alikwenda, akakaa siku nne, akilala kwa jirani. Baadaye yule mama alinisimulia kwamba wanaume hao hawakuzungumza habari za zamani hata kidogo. Mmoja alikuwa juu ya kenchi, zile mbao za paa, anapigilia misumari, mwingine chini ameizuia ngazi kwa bega na mkono wa kushoto, akimfokea kwamba bati la tatu limekaa upande.

"Na kweli lilikuwa upande?" nikamuuliza.

"Lilikuwa upande," akasema, akacheka. "Akaling'oa, akaanza upya."