Kirungu cha Gia

Dereva teksi huyu mkono wake wa kushoto haujui kukaa bure. Hata mezani hukishika kikombe kwa juu, akakisukuma mbele kama anaingiza gia ya tatu, mpaka mkewe humwambia, "Punguza mwendo, baba watoto, chai inamwagika!" Alikuwa ameapa kwamba siku ya harusi ya bintiye hakuna mwingine atakayemwendesha bibi harusi. Siku ikafika, gari la kukodi likaja halina gia ya kushika, lina kitufe cha duara tu, kama cha redio. Akakizungusha, gari likaruka kinyumenyume, wapambe wakatawanyika kama kuku. "Shuka, shemeji," kaka wa mkewe akamcheka, "hilo si la rika lako!" Hakushuka. Akatoa mfukoni kirungu cha gia cha teksi yake ya kwanza, kinang'aa kwa jasho la kiganja, akakikita kwenye tundu la kuwekea kikombe kando ya kiti, mkono ukatulia juu yake. Akazungusha kitufe upya, gari likaondoka laini kama mafuta. "Baba," binti akacheka ndani ya shela, "hili linabadili gia lenyewe!" "Lenyewe?" Akasukuma kirungu kwenye ya tatu. "Nani analiamrisha?"