Nore ni Nore

Ramadhani ile walinisifu mpaka nikavimba kichwa. Mtaani kwetu Gitega, mwanamke aliyevunja ungo hufunga mwezi kwa mapengo: siku zake zikifika anakula, halafu anazilipa baada ya Idi. Mimi sikuwa na pengo. Nilifunga mwezi mzima, nikaunga na sita za Shawali, nikaendelea na Jumatatu na Alhamisi, mwisho nikawa nafunga hata siku ambazo hazina fadhila yoyote. "Mashallah, wewe huna deni," majirani wakasema. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza msichana wa umri wangu anakosaje deni. Mama yangu, ambaye tulishona naye cherehani zetu zikitazamana, aliona mashavu yanakwisha akadhani ni nuru.

Nuru gani? Ulikuwa ugonjwa wa kukataa chakula, na saumu nilikuwa nikiufunikia tu.

Siku niliyoanguka juu ya cherehani nikapelekwa hospitali. Daktari alikuwa mama mmoja mkali, akanisemesha Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, nisipate lugha ya kujifichia. Alisema damu yangu imekatika kwa sababu mwili umeona hauna cha kutoa. Isiporudi, mifupa yangu itakuwa ya bibi kizee nikiwa bado msichana, na habari ya mtoto nisahau. Niliogopa, sitaficha. Nikamwuliza dawa. "Kula," akasema, "na usile peke yako." Akaongeza kwamba tumbo litatangulia kutoka kabla ya mashavu na kabla ya damu, nisishtuke. Hilo la tumbo nililisikia mimi peke yangu. Mama alikuwa nje ananitafutia maji.

Ndipo nikapelekwa Muyinga kwa shangazi, dada wa marehemu baba, kwa sababu kwake wanawake wanakula sinia moja. Wazima hawawezi kujua tofauti yake. Sahani ina mpaka: unaona ulichokula na ulichobakiza, na mtu mwenye ugonjwa wangu anaijua sahani kuliko karani anavyojua ofisi yake. Sinia halina mpaka. Mikono minne inaingia, shangazi anasukumia ndagala upande wako, binti yake anazivuta, unajikuta unagombania samaki usiowataka. "Kula we, sinia haiume!" binti zake wawili walinitania, wakinicheka na Kiswahili changu cha Kigoma, kwa sababu nimekulia ukimbizini Tanzania na wao hapana. Nilikuwa nalia nikienda kunawa mikono. Siku nyingine niliwachukia wote pale mkekani, hasa yule mdogo anayekula huku anaimba. Lakini nilikula. Nilikula bugali, nikala sombe la majani ya muhogo, nikala maharage yenye mawese mpaka vidole vikawa vyekundu.

Tumbo likatoka kweli. Gumu, la mbele, na mikono bado vijiti. Damu haikuja.

Sasa, nyumba ya wanawake wanaosali haina siri. Mwenye udhuru haji kwenye safu, msala wake unabaki umekunjwa, na kila mtu anajua bila kuambiwa. Wa binti mkubwa ulikunjwa, ukatandikwa tena. Wa mdogo vivyo hivyo. Wangu ulitandikwa alfajiri mpaka isha, wiki baada ya wiki. Shangazi alikuwa anatazama. Asubuhi moja tukitawadha uani akaniuliza, "Mbona we haupumzikaka?"

Kupumzika ndilo neno lao la hedhi.

"Bado, shangazi."

"Bado nini?" Macho yake yakashuka tumboni, yakakaa hapo. "Ni ya nani?"

Nilicheka. Mwanamume hajawahi kunigusa hata kidole, na mwili wenyewe sikuwa nao wa kumgawia mtu. Yeye akaona namdharau. Hakunipiga, hakupiga kelele. Alivaa mtandio wake, akanishika mkono, tukaenda kwenye zahanati ya mtaa, ambayo wao wanaiita sante.

Korido ilikuwa imejaa watu. Nilipimwa mkojo, tukasubiri, kisha muuguzi mwenye haraka zake akachungulia mlangoni akasema kwa sauti ya kuita mwizi: "Hana mimba, mama. Ni amenore tu. Arudi kwa daktari wake." Akafunga mlango.

Shangazi alianza alhamdulilahi na hakuimaliza. Wanawake wawili kwenye benchi walisogea. Njia nzima hakunishika mkono.

Mchana ule sinia lilipotengwa, mimi nikawekewa sahani yangu ya bati pembeni karibu na mlango, na kikombe kilichofungwa uzi mwekundu. Mpumbavu mimi nikadhani ni heshima ya mgonjwa. Nikamsikia shangazi jikoni akimwambia binti mkubwa, "Yake usugue na majivu, uweke mbali. Ile kitu inashikaka."

Nilimfuata hukohuko. "Kitu gani kinashika?"

"Usinifanye nitamke mbele ya watoto."

Nikaelewa alichokisikia pale korido, nikamtamkia mimi. Gonore. Kisonono! Hiyo aliijua vizuri kuliko muuguzi. Marehemu mumewe, dereva wa malori, alimletea kutoka safarini, na alichomwa sindano mtaa mzima ukijua. Nikamwambia si gonore, ni amenore, ni Kifaransa, maana yake siku zangu hazinijii.

"Nore ni nore, mwanangu," akasema. "Hata uivalishe kanzu."

"Wallahi, shangazi, sijalala na mtu!"

"Hata mi nilimuambiaka mama yangu ni chango." Alisema polepole, bila hasira, na upole wake ndio ulionikata maini. "Mi sikufukuze. Utakula, utalala, utapona. Lakini niko na mabinti."

Basi nikaachiwa sahani. Ningemwambia nini mtu aliyenihurumia namna ile? Nilimchukia. Nilikaa mlangoni nimewapa mgongo, nawasikia wanacheka kwenye sinia, na ile hesabu yangu ya zamani ikarudi bila kuitwa: nusu hii, robo ile, hiki hapana. Hakuna aliyetazama nilichobakiza, maana kukitazama ilikuwa kama kukigusa. Kuku wa jirani walinenepa. Tumbo likaingia ndani, na shangazi akashukuru, akaona ugonjwa unatoka. Nilianza tena kusikia baridi mchana wa jua. Na aibu yangu ni kwamba nilisikia raha. Njaa ilinipokea kama ndugu.

Wiki zikapita hivyo. Ilikuwa baada ya alasiri shangazi aliporudi kutoka sante. Alikuwa ametoka bila kuaga mtu nyumbani. Alikaa kizingitini na viatu vyake, mtandio umemwangukia mabegani, mbele ya sahani yangu ya mchana ambayo nilikuwa sijaigusa.

"Nimeenda kukuombea sindano," akasema. "Nikawaambia ni ya mtoto wangu, wasimuulize kitu. Wamenicheka, mwanangu. Wameitana wacheke pamoja. Halafu mmoja akanielezea."

Nilikuwa na maneno mengi nimeyatunza kwa siku hiyo, makali; nikayaacha, nikakaa naye kizingitini.

"Ni damu haiko?"

"Ndiyo, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu Gitega. Tangu nilipokuwa nasifiwa."

Akafikiri. Nilimwona anarudi nyuma kwenye ile safu ya sala, msala kwa msala. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeomba bei ipunguzwe: "Gonore iko na sindano. Hii iko na nini?"

"Iko na chakula," nikasema. "Chakula cha kula na watu."

Alinitazama mikono. Alitazama shingo. Nadhani tangu siku ile ya korido hakuwa amenitazama. Hakuomba samahani, kwetu mkubwa hamwombi mdogo samahani. Alivuta sahani, akakata tonge la bugali lililokwishakauka, akalichovya kwenye mchuzi wa baridi, akalileta mdomoni kwangu kama mtu anavyomlisha mtoto.

Nilitaka kufungua mdomo. Naapa nilitaka. Taya halikunisikia.

Akangoja, akalila yeye. Akakata la pili, akaniletea, akangoja, akalila. La tatu vilevile, machozi yanamshuka mpaka kidevuni na hayafuti kwa sababu mkono una mchuzi. "Meza hata hili," alikuwa anasema, "hata hili, mama, hata hili." Tulikwenda hivyo tonge kwa tonge mpaka sahani ikaisha, na mimi sikuwa nimeonja kitu.