Mashine ya Akiba Sebuleni kwa Gaudensia

Sebuleni kwa Obadia, pale Ikola, kulikuwa na makochi mawili, televisheni, picha ya Moyo Mtakatifu na mashine ya boti. Usicheke kwanza. Mashine ilikaa kwenye stuli yake pembeni ya televisheni, ndani ya nailoni ileile iliyotoka nayo dukani. Juu ya nailoni kulikuwa na kitambaa cheupe alichokifuma mke wake, Gaudensia, na juu ya kitambaa chupa ya maua ya plastiki. Katekista alipoingia mara ya kwanza alifanya ishara ya msalaba, ndipo akauliza ni mtakatifu gani huyo.

Ilikuwa mashine ya akiba, ya nguvu za farasi kumi na tano. Kwa mujibu wa serikali, kazi yake ni kuirudisha boti nyumbani siku mashine kubwa itakapogoma katikati ya Ziwa Tanganyika. Kwa mujibu wa Obadia, kazi yake ilikuwa kukaa.

"Ukishaitumia siyo akiba tena," alimweleza kila aliyeuliza. "Hapo inakuwa mashine tu, kama mashine nyingine."

Watu walimwelewa vizuri sana, maana kila nyumba ya Ikola ina sahani za wageni kabatini, na wageni wenyewe wanakula kwenye za bati.

Obadia hakuinunua kwa kupenda. Boti yake iliitwa Asante Mkwe, jina la kumfurahisha baba yake Gaudensia kule Mwese, mzee ambaye hajawahi kuliona ziwa na hana mpango huo. Mwishoni mwa wiki ilibeba watu wa Mpanda waliokuja kula bata: walimu, wauza dawa, mafundi simu, wenye miwani ya jua na spika kubwa kuliko akili zao. Siku moja mashine kubwa, ya farasi arobaini, ilikohoa mara mbili, ikanyamaza mbali na nchi kavu. Kasia halikuwepo. Walimu kumi na mmoja walipiga maji kwa vifuniko vya madeli ya soda kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, na mwalimu wa jiografia alikuwa akitaja kina cha ziwa kila baada ya nusu saa mpaka wenzake wakamtishia kukipima kwa kumtosa yeye. Baada ya hapo ikaja barua ya serikali: hakuna mashine ya akiba, hakuna makasia, hakuna abiria.

Mashine ikanunuliwa. Ikavishwa kitambaa. Obadia akarudi kubeba watu huku akimsubiri mkaguzi.

Gaudensia hakuzaliwa na maji. Mwese ni milima, huko maji yanakuja kwa ndoo. Alipoletwa Ikola kama bibi harusi aliuliza lile shamba la bluu ni la nani. Kwa miaka kumi na minne ziwa kwake lilikuwa mahali pa kuoshea masufuria. Aliwakaangia migebuka watu wa Mpanda, akawaona wakiondoka wakipiga kelele na kurudi wakiimba, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama na yeye angependa kwenda. Angependa. Angependa sana, ila siku zote boti ilikuwa imejaa wageni.

Halafu mashine ikaja kuishi naye nyumba moja. Alikuwa akiipangusa vumbi kila asubuhi, na kitu unachokipangusa kila asubuhi mwishowe mnazoeana. Ndani ya nailoni alikuta kijitabu chenye picha, na picha hazihitaji shule. Alhamisi moja Obadia alipokwenda Mpanda kutafuta abiria na petroli, Gaudensia aliwaita marafiki zake wawili. Dina aliuza dagaa na alikuwa na kaka mwenye mtumbwi wa mbao. Nyanzala alitoka familia ya wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, na alikuwa na mabega ya kubebea mlango.

"Nyie, tukizama?" aliuliza Dina.

"Ng'ombe wetu walivuka mto bila kozi," alisema Nyanzala. "Leteni hicho chuma."

Walivaa maboya ya Asante Mkwe, wakachukua makasia mapya mawili kutoka chini ya kitanda cha Obadia, maana na hayo yalikuwa ya akiba, wakaifunga mashine nyuma ya mtumbwi. Mara ya kwanza walizunguka sehemu moja kama kuku aliyekatwa kichwa. Mara ya tatu walifika kwenye mchanga mweupe wanakopelekwa watu wa Mpanda, wakala miwa, wakaoga na magauni yao, wakacheka mpaka Dina akapaliwa. Ikawa kila Alhamisi, siku ya Obadia ya kwenda Mpanda. Kabla ya saa kumi mashine ilikuwa imeshaoshwa kwa maji safi, imepakwa poda ya mtoto kuua harufu ya samaki, imerudi ndani ya nailoni, maua juu.

"Unaona?" Obadia alikuwa akisema akiinusa jioni. "Mwaka mzima, bado inanukia upya."

Kitu kimoja tu hakikurudi kwenye nailoni. Mashine ile ilikuwa na kikamba chekundu kilichojikunja kama waya wa simu za zamani, chenye kipini mwishoni. Kipini unakichomeka kwenye mashine, kikamba unakivaa mkononi. Ukidondoka majini kinachomoka, mashine inazima, haikuachi wala haikurudii kukukata. Bila kipini haiwaki hata uipigie magoti. Gaudensia alikifunga kikamba kwenye pindo la kanga yake na hakukitoa humo, asije mtu mwingine akapata wazo kama lake.

Mkaguzi akaja. Jumanne, bila taarifa, kwa pikipiki. Aliitwa Bwana Kashinje, na aliupenda usalama kiasi kwamba alivaa boya moja na kukalia jingine. Obadia alishikwa na jasho la heshima. Aliibeba mashine ya akiba hadi ufukweni mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaichana nailoni kwa kisu mbele ya watu, akaifunga nyuma ya boti kando ya ile kubwa. Watu wakapiga makofi. Dina akapiga vigelegele virefu kupita kiasi. Nyanzala aliinama ghafla kufunga kamba za viatu, na alikuwa pekupeku.

Gaudensia alipanda botini na chupa ya chai. Nia yake ilikuwa kukichomeka kipini kimyakimya, lakini mkaguzi alikaa nyuma kabisa, ubavuni mwa mashine, kama aliyeambiwa ailinde.

Walipofika mbali, nyumba za Ikola zikiwa kama viberiti, Bwana Kashinje aliinua mkono. "Zima kubwa."

Obadia akazima. Ziwa likawa kimya, mtu angesikia chai ikipoa.

"Sasa nirudishe nyumbani kwa ndogo. Ikiwaka, leo nakupa kibali. Isipowaka, boti hii ni ya kukaushia dagaa, na mimi na wewe hatudaiani."

"Mheshimiwa, hii ni mpya kabisa. Haijaguswa."

"Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi, bwana."

Obadia akavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena, akaweka mguu mmoja juu, akavuta kama anang'oa mti. Kimya. Akaitukana kidogo, akaiomba radhi, akavuta.

Gaudensia alimwangalia mumewe akilowa shati, na chini ya kiganja chake fundo la kanga lilikuwa gumu kama jiwe. Akilifungua, Obadia atajua, nchi nzima itajua, na Alhamisi zitafungiwa kabatini pamoja na sahani. Asipolifungua, Asante Mkwe itaanikiwa dagaa, na hakuna atakayekwenda popote, si wa Mpanda wala wa Ikola. Alijaribu njia ya katikati.

"Baba Yotham, labda kuna kitu hujakichomeka?"

"Mama Yotham, mimina chai."

"Nasema tu. Pale mbele. Pana kitundu chekundu."

"We umejuaje kama pana kitundu?"

"Si naipangusaga?"

Bwana Kashinje aliinama akatazama. "Mama anasema kweli. Kikamba cha usalama kiko wapi?"

"Kikamba gani, mheshimiwa?"

Mkaguzi aligeukia mashine kubwa. Kitufe chake cha kikamba kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa kushonea nyavu, isizimike yenyewe hata dereva akiwa tumboni mwa samaki. Alikitazama kile kitufe kwa muda mrefu, kisha akatoa kalamu, akaitazama fomu yake kwa huzuni ya mtu anayeandika tanzia.

"Subiri," alisema Gaudensia.

Akafungua fundo la kanga. Kikamba kikachomoka chenyewe, chekundu, kikirukaruka mkononi mwake. Hakumwangalia mtu. Alimsogeza mumewe kwa nyonga kama anavyomsogeza jikoni, akachomeka kipini, akavaa kikamba mkononi, akalegeza kiskurubu cha hewa kwenye kifuniko cha tanki, akaminya pampu ya mpira mara tano, akavuta choki, akavuta kamba mara moja tu, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado umeshika chupa ya chai.

Mashine ikawaka.

 Obadia aliitazama mashine, akamtazama mke wake, akaitazama tena mashine, kama mtu aliyewafumania.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Pasaka iliyopita. Alhamisi."

"Na nani?"

"Na Dina na Nyanzala. Tunakwenda kuoga tu."

"Mheshimiwa," Obadia alimgeukia mkaguzi kwa sauti ya mlalamikaji mahakamani, "mke wangu ametumia akiba yangu!"

"Mshukuru," alisema Bwana Kashinje. "Mashine iliyokaa mwaka bila kuwashwa, kabureta imeganda petroli, ungevuta mpaka bega lichomoke. Hii iko hai kwa sababu yake." Akarudi kwenye fomu, na sasa alikuwa akitabasamu. "Ile kubwa utainunulia kikamba wiki hii, na ule uzi utaukata mbele yangu sasa hivi. Limebaki swali moja. Wewe nahodha ukiugua hapa katikati, au ukidondoka, nani anairudisha boti? Jina la nahodha wa akiba."

Obadia alikohoa. Alitazama Ikola, ilikuwa mbali. Alitazama maji, na maji yale yana kina ambacho mwalimu wa jiografia alishawahi kukitaja.

"Gaudensia," alisema polepole.

"Sikusikia, injini inapiga kelele."

"Gaudensia!" alipaza sauti, na jina likaenda juu ya maji mpaka wavuvi wawili wakageuka. "Andika Gaudensia! Andika na anavyovuta kwa mkono mmoja!"

Mkaguzi akaandika. Gaudensia akaachia choki, akasukuma mkono wa mashine, na Asante Mkwe ikainua pua. Bwana Kashinje alishika kofia kwa mkono mmoja na boya la kukalia kwa mwingine. Chai ikamwagika, hakuna aliyeijali. Walipofika nusu ya njia Obadia alisogea nyuma taratibu, akakaa karibu na mke wake mpaka mabega yakagusana.

"Inavuta hivi siku zote?"

"Leo imebeba watu wazito."

Obadia akanyoosha mkono wake wa kulia, aibu imemjaa usoni kama mwari.

"Hebu nivishe na mimi."

Gaudensia akapunguza moto, akamvisha kikamba, akampa mkono wa mashine. Obadia, aliyezoea usukani wa duara wa mashine kubwa, akausukuma kushoto ili aende kushoto, kumbe ndogo inageuza kinyume. Boti ikaelekea Kongo. Mkaguzi akalivaa na boya la pili, na Gaudensia, akicheka hadi machozi, akamshika mumewe kiwiko na kumwambia aanze upya.