Wasia Niliousoma Hitimani

Marehemu kaka yangu alikusanya karatasi za michezo ya kuigiza ya zamani iliyochezwa hapa Malindi. Tangu tumzike, kila karatasi yake naiona amana. Nilipokuwa nikizipanga nikakuta ukurasa wenye mwandiko wake: "Nikifa, msigawe urithi bila mke wangu wa siri aliyeko Mambrui."

Siku tatu nilitembea na ukurasa huo mfukoni. Nikinyamaza, namdhulumu mrithi. Nikisema, namvunja moyo shemeji yangu Zuhura, naye bado yuko edani.

Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha, niliusoma mbele ya jamaa. Kule chumbani wanawake wakasogea mlangoni kusikiliza.

Maalim aliyetusomea hitima akaniomba ile karatasi, akaigeuza.

"Bwana Athumani, huku nyuma ulisoma?"

"Hapana, Maalim. Ya mbele yalinitosha."

Akasoma polepole: "Hapo mzee anakohoa mara tatu, anakufa. Pazia lifungwe."

Sauti ya Zuhura ikatoka chumbani: "Shemeji, huyo mke wa siri aliigizwa na Bakari seremala, ndani ya buibui langu. Si huyo hapo ubavuni mwako? Muulize kama huo urithi anautaka!"