Baba Aliyetakiwa na Watu wa Intaneti

Watu wa intaneti wananitia kichefuchefu mpaka leo. Kampuni ya kwanza ilituletea kisanduku chenye vitaa hapa Kerende, wakamfungulia binti yangu na barua pepe ya kwao, eti zawadi. Zawadi gani? Ile ilikuwa kamba ya kutufungia zizini. Wingu likipita, mtandao umekufa. Mgodi wa jirani ukilipua, umekufa. Tukahamia kampuni nyingine. Wale wa kwanza wakanuna, wakaifunga barua pepe, na humo ndimo chuo cha uuguzi kilikuwa kinatuma majibu ya mtoto. Wenzake walishaitwa, wanafunga masanduku.

Tukawapigia huduma kwa wateja. Kwanza inaimba. Halafu mwanamke wa mashine, sauti imepakwa samli: "Mpeeendwa mteja, simu yako ni ya thamani kwetu." Thamani gani na uji wangu unaungua?

Mwishowe akaja kijana anayeongea kwa pua, kama kabanwa na koleo: "Dada, ili tukufungulie lazima tuthibitishe. Jina la baba?"

Binti akataja langu. Ndilo aliloandikisha, maana ndilo la kweli. Mimi sikujaliwa mtoto wa kiume, mume wangu akafa, nikatoa ng'ombe nikamwoa mama yake aje azae kwenye nyumba yangu. Ndiyo nyumba ntobhu, Tarime nzima wanaijua. Mwenye kutoa ng'ombe ndiye baba wa watoto.

"Limelingana. Sasa mpe baba simu athibitishe."

Nikaichukua. "Ndiye mimi."

"Shikamoo mama. Nimeomba baba."

"Marahaba. Ndiye huyu. Mama yake nilimwoa mimi."

Halafu nikamsikia anamwita mwenzake, "We, njoo usikie, bibi huku kaoa!" Wakacheka wee. Akarudi na pua yake: "Mama, mazungumzo haya yanarekodiwa. Udanganyifu ni kosa." Akakata.

Nilitema mate mpaka kuku wakakimbia. Binti analia, anasema nafasi yake watampa mwingine.

"Nyamaza wewe. Piga tena."

Ikaimba tena, samli tena, safari hii akapokea msichana. Nikakohoa, nikashusha sauti tumboni, nikaongea kama marehemu mume wangu akidai pombe yake: "Eeeh! Nani huyo anayesumbua mtoto wangu? Mimi ndiye baba!" Nikataja jina langu lilelile. La Kikurya, angejulia wapi kama ni la kike?

"Shikamoo mzee wangu! Samahani sana kwa usumbufu, mzee!"

Hapohapo barua pepe ikafunguka. Nilisema kweli, wakanicheka. Nimedanganya, napewa shikamoo. Fu! Watu gani hawa?

Binti akasoma, akaruka akaangusha kigoda. Ameitwa! Anatakiwa chuoni Jumatatu. Akaitoa barua yake humo harakaharaka, akaihamishia kwingine.

Yule msichana bado yuko hewani, anadeka: "Mzee, tumeumia sana mlivyohama. Ungependa kurudi kwetu tukupe ofa?"

Nikamjibu kwa sauti yangu mwenyewe. "Mwanangu, zizi lenye harufu kama hilo lenu, hata ng'ombe kipofu harudi."



"Samahani mama," akasema, "naomba umrudishie mzee simu."

Nikakata.