Gari la Mahari

Nilimpiga ngumi ya mdomo muuza magari mmoja wa Kitale, mbele ya wateja wake, kwa kosa la kuniambia ukweli. Alikuwa amelizunguka gari letu mara mbili, akaingia, akasoma namba za betri kwenye kile kioo kikubwa cha skrini kilicho katikati ya dashibodi, akatoka na kutaja bei. Siku hizo kila bei niliyotajiwa niliigeuza kuwa ng'ombe, na hiyo ilikuwa ng'ombe saba. Nilisikia meno yake kwenye vifundo vya vidole vyangu. Waosha magari wake walinikamata, wakanipiga mateke mpaka getini, na hata pale chini kwenye vumbi bado nilikuwa napiga kelele, "Kumi na tatu! Hii gari ni ng'ombe kumi na tatu!"

Niseme lilivyofika kwetu. Dada yangu aliposwa na mfanyabiashara wa Kitale, mjukuu wa watu waliotoka Kenya ya kati wakanunua mashamba Trans-Nzoia. Kwetu Bungoma ng'ombe wanaoingia kwa ajili ya binti hawakai zizini. Wanatoka kwenda kumlipia kaka yake mke. Na mimi mke nilikuwa naye tayari nyumbani, msichana wa Kachibora, mwenye mimba ya miezi sita. Baba yake alikuwa amenipa neno moja tu: ng'ombe kumi na watatu kabla mtoto hajaacha kunyonya, la sivyo anamchukua binti yake na mjukuu wake. Nilimpenda yule mwanamke. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akafikiri nilikuwa nacheza.

Siku ya mahari shemeji hakuja na ng'ombe hata mmoja. Alikuja na gari la umeme, jeusi, la kifahari, lenye mishikio ya milango inayojitokeza yenyewe ukilikaribia. Likaingia uani bila sauti, kuku wakakosa hata kukimbia. Akasema hilo peke yake linazidi ng'ombe ishirini, na ni letu.

Baba aligusa boneti kwa bakora yake. "Lakini hii," akauliza, "itazaa?"

Wageni walicheka. Mimi nilipandwa na hasira, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mawazo yake yameoza na anataka kunikosesha mke. Akanichapa bakora ya bega. Nikaishika ile bakora, nikaivunja gotini na kutupa vipande miguuni pake. Gari likabaki. Baadaye ndipo nilipojua kwamba shemeji alikuwa amelitembeza yadi tatu za kuuzia magari Nairobi, kila yadi ikimpa bei ndogo kuliko ile aliyopewa kabla, kwa hiyo akaona afadhali atutupie sisi.

Hata hivyo tungeweza kupona. Mwezi huohuo yule muuza magari wa Kitale alikuja mwenyewe, akataja bei ya ng'ombe kumi na sita. Nilimcheka usoni. Sisi ni watu wa mahindi. Mwenye akili hauzi wakati wa kuvuna, wakati kila mtu anauza. Anajaza stoo, anafunga mlango, anangoja mwezi wa sita watu walie njaa, ndipo anafungua kwa bei anayoitaka yeye. Nilifanya hivyohivyo. Nilifagia stoo, nikaliingiza gari katikati ya magunia, nikalifunika kwa turubai na kumwaga dawa ya panya kwenye pembe zote. Mke wangu akaniuliza kama halitaki kuchajiwa.

"Mahindi yanalishwa?" nikamjibu.

Mtoto alizaliwa, wa kiume. Yule muuzaji alipiga simu tena, sasa bei ni ng'ombe kumi na mmoja. Nilimtukana mama yake. Alijaribu kunieleza: limetoka gari jipya la aina hiyohiyo, linakwenda mbali zaidi na bei yake imeshushwa, kwa hiyo mwenye pesa analinunua jipya. Asiye na pesa analiogopa la zamani kwa sababu betri ikifa, betri nyingine inakaribia bei ya gari zima, na hapa kwetu hakuna fundi wa kuifungua. "Boss, hii kitu haingojewi," akasema. "Uza sasa." Nilikata simu. Nilijiambia huyo ni mjanja, ananitisha kama walanguzi wanavyomtisha mkulima.

Nilipofunua turubai mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Gari halikufunguka. Lilikuwa limekufa kabisa, na fundi niliyemtoa Eldoret aliniambia betri hukaa ikijila yenyewe kidogokidogo, na ikiachwa tupu miezi mingi hivyo huharibika. Ilimchukua miezi kadhaa kulifufua, na halikuwa lile tena. Gari ambalo lilikwenda Kitale na kurudi Bungoma bila wasiwasi, siku nilipolipeleka kuuzwa lilianza kupiga taa nyekundu Kiminini. Ilibidi nimlipe kinyozi mmoja nichomeke waya dukani kwake nusu siku, watu wamenizunguka wakinicheka, ndipo nikafika Kitale kutajiwa ng'ombe saba. Ngumi ile ilikuwa ya Kiminini na ya Kitale kwa pamoja.

Nililirudisha gari nyumbani, na wiki mbili baadaye yule muuzaji akapiga simu tena. Sikuamini.

"Boss, mdomo umepona. Ile bei bado iko. Nakuja kuichukua gari Jumanne, lakini wewe ukae mbali na mimi."

Nilikubali. Sikumwambia mke wangu. Miezi yote nilikuwa nimemwimbia kumi na sita, nikaona aibu kumtajia saba. Mtoto sasa alikuwa anatembea, na titi alikuwa ameshaliacha.

Jumatatu, kaka watatu wa mke wangu walifika kutoka Kachibora na rungu. Mkubwa wao hakunisalimia. "Dada, fungasha nguo," alisema. Nikamrukia. Nilimng'ata sikio hadi nikaonja damu, na wenzake wakanipiga mbavuni mpaka nikasikia kitu kinavunjika ndani. Nilidondoka, nikaamka, nikapigwa tena, jino likatoka. Mke wangu alimchapa kaka yake kwa mwiko wa ugali akilia, "Mwacheni! Mtamuua!"

"Mnunuzi anakuja kesho!" nilipiga kelele. "Saba! Kesho niko na ng'ombe saba!"

"Kwako kila siku ni kesho," mkubwa akasema, akaniachia teke la mwisho.

Mke wangu alinitazama. Habari ya mnunuzi alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Wakamvuta mkono, mtoto akilia mgongoni, wakaondoka naye. Baba alikuwa ameketi mlangoni pake muda wote huo na hakuinuka.

Nilibaki nimelala uani, nikisikia uchungu ambao haukuwa wa mbavu. Kisha nikaliona lile gari mlangoni pa stoo, jeusi, safi, nililoliosha asubuhi kwa ajili ya mnunuzi, linang'aa kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilichukua nyundo ya kuvunjia mawe. Nilianza na vioo. Nikaingia ndani nikapasua kile kioo cha katikati kinachoendesha kila kitu, nikapiga milango, nikapiga taa, nikapiga paa mpaka likakaa juu ya viti. Kila pigo lilinichoma ubavuni, nami nikaupenda ule uchungu. Nilipiga hadi mikono ikakataa. Nilikuwa najua kesho ni Jumanne. Nilijua, na bado nikapiga.

Asubuhi nilisikia pikipiki. Alikuwa mke wangu, amebebwa na boda kutoka steji ya matatu, mtoto mgongoni, jicho moja limevimba. Kaka yake alikuwa amempiga kwa kubishana usiku kucha.

Alianza kusema kabla hajashuka. "Nimemsihi baba mpaka kukapambazuka. Amekubali hiyo saba. Zingine utaleta polepole. Huyo mtu wa gari amefika?"

Ndipo macho yake yalipofika kwenye gari, mlangoni pa stoo. Alitazama vioo chini, paa lililobonyea, mlango uliong'oka.

"Ni ndugu zangu?" akauliza. "Walirudi wakafanya hii?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa hapo mdomoni, na angeliamini, kwa sababu jicho lake lilikuwa bado linauma kwa mkono wa mmoja wao. Lakini viganja vyangu vilikuwa vimechanwa na vioo, na yeye alikuwa ameshaviona.

"Ni mimi," nikasema.

Alimkaza mtoto mgongoni na kumwambia mwenye boda asizime pikipiki.